Tunawataka wapendekeze vitabu, tumewapa wote kimoja

Aprili kwetu umekuwa mwezi wa vitabu. Tarehe 13, siku aliyozaliwa Mwalimu Nyerere, hutolewa tuzo ya uandishi bunifu yenye jina lake, iliyoanza kutolewa 2023. Siku 10 baadaye inafika Siku ya Vitabu Duniani, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 1995. Kati ya tarehe hizo mbili kuna shule ambazo sasa hufanya jambo ambalo enzi zetu halikuwapo: mwanafunzi anasimamishwa mstarini au mbele ya wageni waalikwa, kitabu mkononi, awaambie wenzake amesoma nini na kwa nini na wao wakisome. Simu zinainuliwa, video zinasambaa kwenye makundi ya wazazi, na mabishano yanaanza papo hapo. Kundi moja linashangilia kwamba utamaduni wa kusoma umefufuka. Kundi la pili linaguna: hao wamekaririshwa, watoto wa siku hizi hawasomi kitu kisicho na maswali mwishoni.

Makundi yote mawili yanamtazama mtoto aliyesimama, na hapo ndipo yanapopotea. La kutazama ni wale waliokaa chini wakimsikiliza. Je, yupo kati yao ambaye hajakisoma kitabu kile? Na akitamani kukisoma jioni ile ile, atakipata wapi? Kupendekeza kitabu kunahitaji tofauti kati ya watu wawili: mimi nimesoma ambacho wewe hujakisoma, kimenikaa moyoni, basi nina la kukwambia. Shule zetu zimejengwa juu ya kanuni iliyo kinyume kabisa, kwamba wote wasome kitabu kimoja, kwa wakati mmoja, kwa ajili ya swali moja. Halafu tunawaita mbele wapendekeze. Hoja yangu ni kwamba hamu ya wanafunzi kupeana vitabu na kusifiana vitabu haijawahi kufa. Vilivyokosekana ni vitabu vya kupeana, na kilichozidi ni wakubwa wanaosimama katikati.

Tuanze na neno lenyewe. Pendekeza limetoka kwenye penda: kinachopendwa kinapendeka, na anayekifanya kipendeke kwa mwenzake anapendekeza. Maofisini neno hili limekauka; tunasikia mapendekezo ya kamati, mapendekezo ya bajeti, wala hakuna anayetarajia upendo humo. Kwenye kitabu mzizi wake ungali mbichi. Tena waliotutangulia hawakuwa na shaka kuhusu kinachotangulia kingine. Mtambaji akisema hadithi, hadithi, wasikilizaji humjibu: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Hawasemi mafunzo kolea. Mafunzo yalikuwamo, na bibi alikuwa fundi wa kuyapenyeza bila mtu kushtuka, ila aliyewekwa mlangoni kupokea wageni alikuwa utamu. Sisi tuliokwenda shule ndio tuliopindua mambo, tukayaweka mafunzo mlangoni na kuuacha utamu nje ya geti kama mwanafunzi aliyechelewa namba.

Mwaka jana nilikaa meza kuu kwenye hafla ya vitabu ya shule moja ya sekondari. Mvulana wa kwanza alisimama, akataja jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji na mwaka, akasema: "Kitabu hiki kinatufundisha tuepuke tamaa, tuheshimu wazazi na tusome kwa bidii." Makofi. Wa pili alisema karibu hayo hayo kuhusu kitabu kingine. Wa tatu alikuwa binti wa kidato cha pili, ameshika riwaya ya Kiswahili iliyopoteza jalada, mgongo wake umeunganishwa kwa gundi ya karatasi, kingo za kurasa zimekuwa za kahawia kwa vidole. Akasema: "Kinaanza polepole sana. Msikiache. Mkifika pale mama anapofungua lile sanduku, hamlali." Nyuma kule wanafunzi wakacheka na kusogeza viti. Mwalimu aliyekuwa pembeni akanong'ona kwa sauti ambayo hata sisi wageni tuliisikia: "Mafunzo! Taja mafunzo!" Binti akanyoosha mgongo na kumalizia kwa pumzi moja: "Pia riwaya hii inatufundisha uvumilivu na umoja, asanteni kwa kunisikiliza."

Nimezitafakari sentensi zake tatu za kwanza mara nyingi kuliko hotuba yangu mwenyewe ya siku ile. Ndani yake mna uhakiki kamili. Amepima mwendo wa hadithi na kuuona una kasoro. Amewajua wasikilizaji wake, kwamba watachoka mapema, akawawahi. Ameonyesha kilele bila kukifichua. Halafu, jambo ambalo wahakiki wengi wa magazetini hatulithubutu, amekiri udhaifu wa kitu anachokipenda. Ile ya nne, ya uvumilivu na umoja, ingeweza kubandikwa kwenye kitabu chochote kilichowahi kuchapwa Dar es Salaam, kikiwamo cha mapishi.

Simlaumu mwalimu. Alikuwa anamkinga mtoto wa watu na kile anachokijua kitakuja. Mtihani wa kidato cha nne hauulizi nani hakulala. Unasema, kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma, thibitisha jambo fulani kwa kutoa hoja tatu kwa kila riwaya. Hoja tatu mara mbili ni sita, na mwalimu mwenye darasa la watoto 70 anafundisha hizo sita. Vitabu vya kuzitoa hoja hizo navyo vinajulikana: Takadini, Watoto wa Mama N'tilie, Joka la Mdimu, na upande wa tamthiliya na ushairi Orodha, Kilio Chetu, Wasakatonge. Ni vitabu vyenye heshima yao, na baadhi ninavipenda. Lakini dada aliyemaliza kidato cha nne 2010 na mdogo wake aliyemaliza miaka 12 baadaye wamesoma karibu orodha ile ile. Wakikutana likizo, hakuna atakayemwambia mwenzake "soma hiki". Watapeana uchambuzi uliotolewa kopi, fani huku na maudhui kule, na wengine watafaulu kwa kopi hizo bila kukifungua kitabu. Ndiyo maana nasema kwamba kinachopendekezwa zaidi katika sekondari za Tanzania ni uchambuzi wa kitabu.

Jambo hili lina historia, na si ya uzembe. Serikali imepigania kwa miaka mingi uwiano wa kitabu kimoja kwa mwanafunzi mmoja, na kwa Hisabati au Baiolojia hilo ni lengo sahihi kabisa. Aliyewahi kuona watoto watano wamekizunguka kitabu kimoja, wawili wakikisoma kichwa chini miguu juu, hawezi kulipinga. Lugha yetu ya shule ikatenganisha vitabu vya kiada na vitabu vya ziada. Neno "ziada" limesema yote: kinachokuja kama kuna kilichobaki. Fikra ya kiada ikavuka mpaka ikaingia kwenye fasihi. Tukanunua nakala nyingi za kitabu kimoja, tukaamini tumewapa watoto vitabu, kumbe tumewapa kitabu. Maktaba zilikuwa zibebe upande wa pili. Maktaba Kuu ya Taifa, aliyoifungua Nyerere Desemba 1967, ilijengwa kwa wazo hilo hasa, kwamba raia aingie, azunguke kati ya rafu, achague. Lakini mtoto wa shule ya kata aliye mbali na mji wa mkoa hana rafu ya kuzunguka. Ana kabati la mwalimu mkuu, na ufunguo wa kabati.

Kenya wamekwenda njia tofauti kidogo, na inafaa kuitazama bila kuionea wivu. Mtaala wao wa umilisi una sehemu katika Kiswahili inayoitwa kusoma kwa mapana, na ndani yake mna kipengele kinachosema wazi: matini ya kujichagulia. Mwanafunzi achague mwenyewe, asome, awasimulie wenzake. Kwenye karatasi hilo ndilo ninalolitetea hapa. Kwenye darasa kujichagulia kunategemea kuna nini cha kuchagua, na wazazi wa huko wanajua jinsi orodha ya ununuzi ya Januari inavyoumiza mfuko. Pia Wakenya wananilazimisha kukubali jambo linalopunguza makali ya hoja yangu. Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996, ilikuwa kitabu teule cha mtihani, na bado watu walikipenda kikweli. Walibora alipofariki Aprili 2020, watu wazima wenye kazi na watoto waliomboleza kwa kumkumbuka Kongowea Mswahili kana kwamba walikuwa naye bweni moja. Kwa hiyo mtihani hauui kila kitabu. Ninachosema ni kwamba kitabu kile kilipendwa licha ya maswali yake, na nguvu ya kukipenda ilitoka mahali pengine, kwenye mabweni, usiku, mmoja akimwambia mwingine subiri ufike pale.

Mahali hapo pengine tunapajua sote tuliosoma bweni. Katika miaka ya sabini na themanini, hakuna wizara wala mfadhili aliyesambaza riwaya za Elvis Musiba na Ben Mtobwa mashuleni. Willy Gamba na Joram Kiango, mashujaa wa riwaya hizo, walisafiri ndani ya masanduku ya mbao, chini ya magodoro, na katikati ya daftari la Jiografia wakati wa prepu. Nakala moja ilisomwa na bweni zima kwa foleni. Mimi nilipewa ya kwanza nikiwa kidato cha pili, haina kurasa za mwisho. Aliyenipa akanisimulia mwisho wake kwa madaha, na ni miaka mingi baadaye nilipopata nakala nzima nikagundua kwamba naye alipewa hivyo hivyo na mwisho aliutunga. Sijawahi kumlaumu. Mwisho wake ulikuwa na helikopta.

Wakisemwa vijana wa leo kwamba hawasomi, nawauliza wasemaji kama wamewahi kuona jinsi hadithi za mfululizo zinavyosomwa kwenye simu. Zamani zilikuwa kwenye magazeti, Eric Shigongo akiwakatisha watu pumzi kila wiki kwa neno "itaendelea". Sasa ziko WhatsApp, sehemu ya 14 leo, ya 15 kesho, ukitaka zote unalipia. Wanaozisoma wengi ni vijana hao hao. Hakuna aliyewaagiza, hakuna anayewatahini, na anayewaletea wenzao wapya ni msomaji wa jana. Unaweza kuudharau ubora wa hadithi hizo, na baadhi zinastahili, lakini huwezi tena kusema hamu haipo.

Hapo ndipo inapokuja hoja ya kwanza ya wanaopinga, nayo ina uzito: ukiwaachia watoto wapendekezane, watapendekezana takataka, au vitu vibaya zaidi ya takataka. Februari 2023 Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alipiga marufuku vitabu 16 katika shule, kwa maelezo kwamba vinakiuka mila, desturi na malezi yetu. Miongoni mwake ulikuwamo mfululizo maarufu wa Kimarekani, Diary of a Wimpy Kid. Serikali yoyote ina wajibu wa kuchuja kinachoingia shuleni, na mzazi anayetaka kujua mwanawe anasoma nini si adui wa fasihi. Kinachonisumbua ni kwamba tuliishia kwenye kuondoa. Vitabu vile vya mvulana mvivu, mwoga, anayejiona mjanja na kuumbuka kila ukurasa, vilipendwa na watoto wa mabara yote kwa sababu vinachekesha. Hiyo ilikuwa taarifa ya bure kwa wachapishaji wetu: watoto wanataka kucheka. Tazama vitabu vya watoto tunavyovichapa wenyewe uone ni vingapi vinachekesha, na ni vingapi ambavyo sungura, baada ya kurasa nane za ujanja, anageuka ghafla kuwa mwalimu wa uraia. Mapendekezo ya watoto yangetumika kama kipimajoto, na mchujo wa wakubwa ungefanya kazi vizuri zaidi ukijua joto liko wapi.

Na kuhusu takataka, tuwe waangalifu kidogo na vyeo tunavyovigawa. Riwaya ya upelelezi ilichukuliwa kwa muda mrefu kama burudani ya kupitisha safari. Leo Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, anafundishwa vyuo vikuu, na Mfadhili ya Hussein Tuwa, mwandishi aliyejenga jina kwa riwaya za kusisimua, imefika hadi orodha ya kidato cha tano na sita. Wasomaji walifika kwanza, maprofesa wakafuata.

Hoja ya pili naiona nzito kuliko ya kwanza, ingawa husikika mara chache. Mapendekezo ya rika yana tabia ya kundi. Mwanafunzi mwenye sauti, mara nyingi anayetoka kwenye nyumba yenye vitabu, anataja kitabu, na wote wanakifuata hicho. Yule mkimya aliyesoma kitu cha ajabu na kizuri hasikiki. Tunaweza kuondoa udikteta wa orodha ya wizara na kuweka udikteta wa wanafunzi watatu maarufu. Nakubali. Ndiyo sababu siamini sana majukwaa na vipaza sauti, na naamini zaidi kikaratasi. Maktaba za zamani zilikuwa na karatasi iliyobandikwa nyuma ya kitabu, ikigongwa muhuri wa tarehe kila kinapoazimwa. Uliweza kukichukua kitabu usichokijua, ukageuza nyuma, ukaona mihuri 30 imepandana, ukajua kuna jambo. Hakuna aliyehutubia. Kitabu cha jirani yake, zawadi kutoka ng'ambo chenye picha za theluji na karatasi nzuri, kilikuwa na muhuri mmoja, wa siku kilipopokewa. Shule inaweza kurudisha karatasi hiyo na kuiongezea mstari mmoja kwa kila msomaji, bila jina akipenda: ungempa nani kitabu hiki? Majibu ya aina ya "mtu anayemkumbuka bibi yake" au "anayeogopa giza asikiguse" yangefanya kazi ambayo mstarini haifanyiki, na mkimya angeandika sawa na mwenye sauti.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosemwa kwa kujiamini zaidi: hayo ni ya shule za matajiri, mtoto wetu ana mtihani, muda wa hadithi hana. Inasikika kama busara ya mzazi anayejua maisha. Lakini fungua taarifa ambazo Baraza la Mitihani huchapisha kuchambua majibu ya watahiniwa na utakutana, somo baada ya somo, na kilio kile kile: mtahiniwa hakulielewa swali, au alilielewa akakosa Kiingereza cha kulijibu. Lugha hiyo mtoto haipati kwenye hoja sita. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi 250 kwa kila darasa katika shule za vijijini za Fiji, kwa watoto wa darasa la nne na la tano ambao Kiingereza kwao, kama kwetu sekondari, ni lugha ya kujifunzia shuleni. Watoto hao waliwaacha mbali wenzao waliobaki na vitabu vya kawaida vya mazoezi, na mwaka wa pili faida ikaenea hadi kwenye kuandika na sarufi ambayo hakuna aliyewafundisha zaidi ya wenzao. Utafiti ule haukuhusu kupendekezana, nisiupe sifa isiyo yake. Unachokionyesha ni kwamba hadithi hazikula muda wa mtihani. Na tazama tena ile 250: haikuwa nakala 250 za kitabu kimoja.

Hilo linanirudisha kwenye pesa, maana pingamizi la kweli liko huko. Riwaya ya Kiswahili dukani ni shilingi 10,000 na kupanda. Kwa shule ya kata, vitabu 40 ni shilingi 400,000, si fedha ya kuokota. Lakini shule nyingi zinazofanya hafla ya vitabu hukodi turubai, viti na spika, hupika pilau ya wageni, na sijasikia mtu akiuliza faida yake. Zikipatikana hizo 400,000, kuna njia mbili za kuzitumia. Ya kwanza, iliyozoeleka, ni nakala 40 za kitabu kimoja, ili darasa lisome pamoja. Ya pili ni vitabu 40 tofauti, nakala moja moja. Mkaguzi ataipenda ya kwanza kwa sababu uwiano unahesabika. Ya pili inaonekana fujo: kila mtoto ana chake, mwalimu hajavisoma vyote, hakuna mtihani unaoweza kutungwa. Lakini ni ya pili tu inayomfanya mtoto wa dawati la mbele amgeukie wa nyuma na kuuliza, hicho vipi? Swali hilo la maneno mawili, likiulizwa mara 40 kwa wiki, linafanya kazi kubwa kuliko hotuba ya mgeni rasmi. Naandika haya nikijua nimewahi kuwa mgeni rasmi.

Wapo watakaosema kizuri chajiuza. Methali hiyo ni ya kweli kwa embe sokoni, ambalo harufu yake inakufikia kabla wewe hujalifikia. Kitabu kilichofungwa hakina harufu. Kinahitaji kinywa cha aliyekionja, na kinywa hicho kina thamani pale tu kinapoweza pia kusema hapana. Mwandishi wa Ufaransa Daniel Pennac, aliyekuwa mwalimu wa shule, aliorodhesha mwaka 1992 haki 10 za msomaji; ya kwanza ni haki ya kutosoma, ya tatu ni haki ya kutomaliza kitabu. Kwetu haki hizo zinasikika kama utovu wa adabu. Kitabu kimeandikwa na mkubwa, kimeidhinishwa na wakubwa, kimenunuliwa na mkubwa. Mtoto atasema vipi kwamba kimemchosha? Kwa hiyo kila kitabu kinasifiwa, na sifa zinazogawiwa kwa wote hazimsaidii anayetaka kuchagua. Binti wa lile sanduku aliaminika kwa sababu alianza na kasoro. Mwalimu anayetaka mapendekezo ya kweli hana budi kuanza kwa kusema mwenyewe, mbele ya darasa, ni kitabu gani kilichomshinda. Wapo watakaoshindwa kwa sababu hawana wanachokisoma, na hilo nalo litakuwa limejulikana.

Kinachobaki ni woga ambao walimu wakuu huutaja faraghani kuliko hadharani: vitabu vitapotea. Woga huo una msingi. Kitabu cha shule kimeandikwa kwenye leja, kina namba, na siku ya ukaguzi kinadaiwa kama dawati au jembe. Kikikosekana, mwalimu anayetunza kabati ndiye anayeandika barua ya maelezo. Huwezi kumwambia mtu huyo aruhusu vitabu vizunguke mabwenini halafu umkate mshahara vikichanika. Leja yenyewe ingebidi ibadilike, iwe na safu ya kitabu kilichochakaa kwa kusomwa, isiyo na adhabu, na pengine yenye pongezi. Hadi hapo, kabati litaendelea kufungwa na wenye busara.

Ile hafla ilipoisha, wakati wageni tunasindikizwa kwenye chakula, nilibaki nyuma kutafuta miwani yangu. Viranja wawili walikuwa wanapita kati ya viti wakikusanya vitabu vya maonyesho na kuvipanga ndani ya boksi la mafuta ya kupikia. Mvulana mdogo wa kidato cha kwanza alikuwa amesimama karibu na boksi, akimuuliza yule binti kwa sauti ya chini kama kile cha sanduku anaweza kukiazima mpaka Jumatatu. Binti alimtazama kiranja. Kiranja alikuwa anahesabu, akamwashiria kwa mkono asimpotezee hesabu. Vilitoka 22. Akahesabu mara ya pili, akaandika kwenye daftari: vimerudi 22.